Mzee Aminieli Anachomoa Waya

Siku ya majaribio Koleta alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na kichanga chake kifuani, na kwenye kompyuta ya Priska kichanga hicho kilikuwa hakijazaliwa.

"Soma tena," alisema Dakta Paschal.

Priska akasoma tena, ingawa maandishi hayakuwa na nia ya kubadilika. Kadi ya Koleta ilisema ni mjamzito, hali yake nzuri, arudi kliniki baada ya wiki mbili. Nyuma ya Dakta walisimama wazee wawili wa kamati ya afya ya kanisa, waliokuwa wamevaa makoti kwa ajili ya shughuli hiyo. Walikuwa wameahidiwa kuona jambo la ajabu: kwamba seva ya Kituo cha Afya Vughasa ikifa, nakala yake itaamka mbali huko na kazi itaendelea.

Na kweli nakala iliamka. Ndani ya ile seva moja ya kituo mlikaa mashine tatu zisizoshikika, ambazo mafundi huziita mashine pepe: moja ya kadi za wagonjwa, moja ya maabara, moja ya dawa. Pacha wa kila moja alikuwa amewekwa kwenye klaudi, yaani kwenye mitambo ya kukodi iliyoko nchi nyingine kabisa. Nakala ya kwanza Priska aliishusha mjini Same mwenyewe, kwenye diski aliyoifunga kwa kitenge ndani ya begi, maana intaneti ya mlimani ingechukua miezi kuipandisha. Baada ya hapo yalibaki mabadiliko ya kila siku tu, nayo yalipangwa kusafiri usiku, wakati kituo hakitumii mtandao.

"Koleta amejifungua wiki iliyopita," alisema Dakta. "Nakala yako haijui?"

"Haijapata habari za karibuni, Dakta."

"Tangu lini?"

Priska alitazama kioo, akatamani kingezimika. "Tangu mvua zilipoanza."

Mzee mmoja wa kamati akakohoa. "Sasa mama, mlima ukishuka leo, huyu mtoto tutamwambia arudi tumboni?"

Wakacheka. Hata Koleta dirishani alicheka, mtu mwema yule, asijue kwamba anayechekwa ni Priska. Priska alicheka nao kidogo, kwa heshima, na uso ulimwaka moto.

Lakini suala la mlima kushuka halikuwa la kuchekesha. Nyuma ya chumba cha seva ulisimama ukingo wa udongo mwekundu wenye ufa ambao sasa ungeweza kuingiza mkono mzima. Mwaka uliopita ukingo huo ulichukua choo. Chumba hakikuweza kuhamishwa, maana betri za sola na nyaya zote zilikuwa mle, na jengo jipya kule juu kanisani lilikuwa kuta bila paa. Kijiji kiliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kila nyumba, wakapanga mawe kuuzuia ukingo. Mawe yenyewe yalikwisha kuanza kutazama pembeni.

"Kampuni ya intaneti inakata mtandao usiku," alisema Priska. "Nimewapigia mara nyingi."

"Basi acha kupiga. Shuka Same ukawaone. Kadi za watu wa milima hii zote zimo kwenye chumba kile, Priska. Watu wa presha, watu wa kifua kikuu, kina mama. Ukingo ukianguka kabla hujamaliza, tutaanza kumuuliza kila mtu anaumwa nini."

*

Alishuka na mumewe, Loth, aliyekuwa akipeleka tangawizi sokoni kwa pikapu. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika ofisi za kampuni alikuwa ameyanoa vya kutosha. Aliyamwaga yote kaunta, mbele ya wateja, kwa sauti aliyokuja kuijutia baadaye. Kwamba wanachukua pesa za wagonjwa. Kwamba mlimani nako wanaishi watu.

Binti wa kaunta, Sharifa kwa jina la kwenye beji, alimwacha amalize. Kisha akageuza kioo cha kompyuta yake.

"Dada, njoo upande huu uone. Hamkatiwi. Tatizo lingekuwa kwetu, mnara wote ungezima na majirani zenu wangelalamika. Hiki ni kifaa chenu peke yake, kinazimwa. Huu hapa ni waya unaochomolewa ukutani."

"Haiwezekani. Seva haijawahi kuzimika."

"Seva ina betri. Kifaa cha intaneti mmekichomeka wapi?"

Priska alijua kilipochomekwa. Alikichomeka mwenyewe, ukutani, karibu na mlango.

"Kinazimwa jioni," aliendelea Sharifa, bila kejeli, jambo lililouma zaidi. "Zamani mara moja moja, tangu mvua zianze kila jioni. Na asubuhi kinarudi kabla hamjafungua kituo. Kuna mtu anaingia, dada."

Nyuma yake mteja mmoja aliguna. Priska akaomba radhi, akainama kuokota mwavuli wake ambao haukuwa umeanguka, akatoka.

*

Walipita kijiji cha Kisiwani, njia ya kurudi mlimani. Karibu na Maore, pikapu ikirukaruka tupu, Loth akauliza, "Wamesemaje?"

"Kuna mtu anachomoa waya."

"Mtu gani?"

"Funguo za chumba kile ziko mbili, Loth. Mmoja ninao mimi."

Loth alikanyaga breki mbele ya mbuzi ambao walikuwa mbali bado. Ufunguo wa pili ulikaa kwa mlinzi wa usiku, na mlinzi wa usiku wa Vughasa alikuwa Mzee Aminieli, baba yake mzazi.

"Labda amesahau tu," alisema.

"Mtu hasahau kuchomoa, anasahau kuchomeka. Muulize wewe. Ni baba yako."

"Ni baba yako pia."

"Ni baba mkwe wangu. Nitamkalia mbele nimwambie nini? Baba, umeharibu kazi yangu?"

"Nitamuuliza," alisema Loth. Priska alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua sauti hiyo ina maana gani. Ilikuwa ina maana hatamuuliza.

Na jioni hiyo, wote watatu wakiwa wamekaa kwenye makande, Loth aliongea habari za barabara, akaongea habari za soko, akaanza habari za mbuzi. Priska aliweka kijiko chini.

"Baba, samahani. Naomba kukuuliza jambo la kazini."

"Uliza, mwanangu."

"Jioni ukiingia zamu, kuna waya unaochomoa kwenye chumba cha seva?"

"Upo," alisema Mzee Aminieli papo hapo, kwa fahari. "Ngurumo ikianza tu kule kileleni Shengena, nachomoa. Asubuhi kukitulia narudisha, wewe ukifika unakuta kila kitu salama. Ulifikiri kinajilinda chenyewe?"

Priska akaelewa. Mlima mzima unachomoa. Ngurumo ikisikika, kila nyumba mtu anainuka, anachomoa redio, televisheni, hata chaja ya simu, na mtoto anayechelewa anapigiwa kelele. Yeye mwenyewe nyumbani hufanya hivyo bila kufikiri. Alipokuwa akipanga mabadiliko yasafiri usiku alifikiria kasi ya mtandao, akafikiria umeme, akafikiria kila kitu ila jambo ambalo kila mtu wa kwao analijua.

"Baba, ukichomoa ule, nakala haiendi. Imekwama tangu mvua zianze."

"Na nisipochomoa, radi itashuka kwenye lile dude la juu ya bati mnaloliita antena, na hiyo nakala utaitolea kwenye majivu. Uliona televisheni ya Iddi kule Maore ilivyofanywa?"

"Niliona, baba. Lakini Dakta anataka..."

"Dakta anataka nini? Anataka jina?" Mzee alisukuma sahani. "Mimi chumba kile nimekilinda, hakijapotea hata msumari. Leo naulizwa kama mwizi, juu ya chakula, na mkwe. Nenda ukamwambie Dakta. Jina langu analijua."

Akachukua koti na tochi, akaenda zamu. Makande yake yalibaki yakipoa. Loth aliyatazama, akamtazama mkewe.

"Ungesubiri nimuulize mimi."

"Ningesubiri mpaka ukingo uanguke," alisema Priska. Kisha akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akaosha vyombo.

*

Kituo kilianza kila siku kwa sala, na baada ya amina Dakta Paschal alitoa matangazo. Asubuhi hiyo hakuwa na matangazo. "Priska, wamekwambia nini Same?"

Wafanyakazi wote walikuwepo, wauguzi, mtu wa maabara, mpishi. Mzee Aminieli alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akimaliza zamu. Hakuwa amepita nyumbani. Chai alikuwa amekunywa kwa jirani, na jirani alishahakikisha kwamba watu wanajua kwa nini.

"Mtandao hauna tatizo, Dakta. Kifaa chetu kinachomolewa usiku."

"Na nani? Nataka jina, hapa hapa. Mtu anayechezea kadi za wagonjwa hana kazi hapa."

Priska alihisi macho yakihamia mlangoni. Hakugeuka.

"Kosa ni langu," alisema. "Usiku wa mvua kila mtu hapa anachomoa nyaya, na ni sawa kuchomoa. Mimi ndiye niliyepanga kazi ifanyike saa ambazo haiwezi kufanyika, na sikumuuliza mlinzi usiku wake unakwendaje. Nilimwachia chumba bila kumwambia kilichomo."

"Kwa hiyo wewe mtaalamu hukujua kama huku kuna radi?"

Mtu wa maabara alicheka kwa pua.

"Nilijua. Sikufikiria."

"Basi ufunguo wako uache hapa. Kuanzia leo utaingia chumba kile mlinzi akikufungulia, mpaka nakala hiyo iwe nakala."

Priska akautoa ufunguo kwenye mnyororo wake, palepale mbele ya mpishi na wauguzi. Ulikuwa mgumu kutoka, hivyo ukachukua muda, na hakuna aliyemsaidia. Alipouweka mezani alijisemea moyoni kwamba ameaibika vya kutosha, sasa afanye kazi.

*

Siku iliyofuata ilikuwa ya msaragambo kwenye ndiva. Bwawa lile la wazee hujaa tope, na lisipozolewa halishiki maji, kwa hiyo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Kwa kawaida Loth ndiye aliyekwenda. Safari hii Priska alichukua jembe mwenyewe.

Mzee Aminieli alikuwa pale juu ya ukuta, kama alivyokuwa miaka yote, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wanaofungua maji. Usiku kijito hujaza ndiva, hakuna anayemwagilia gizani. Alfajiri mfunguaji huzibua tundu, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Priska alilijua hilo tangu utoto kwao, kama anavyojua njia ya kisimani. Alizoa tope mpaka mgongo ukamuuma, na akiwa ameegemea jembe akitazama tundu lile limezibwa kwa udongo na majani, ndipo wazo lilipomjia. Akakasirika kwamba halikumjia mapema.

Akapanda ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa ameitikia kabla ya kukumbuka kwamba amenuna.

"Nimekuja kuomba radhi. Si kwa nilichouliza, baba. Kwa kukuuliza juu ya chakula."

Mzee alikwangua tope kwenye buti. "Jana asubuhi ungeweza kunitaja."

"Ningekutaja kwa kosa lipi?"

Mzee akaendelea kukwangua. Chini yao watu walikuwa wakirushiana matani na tope.

"Baba, jioni endelea kuchomoa. Sitakuzuia tena. Kadi za mchana zote zitajikusanya mle kwenye seva usiku kucha, hazitatoka. Nataka unifungulie alfajiri."

"Alfajiri ngurumo imekwisha lala."

"Na wagonjwa hawajafika, mtandao ni mweupe. Unachomeka, zinashuka zote. Ila usiondoke mpaka zishuke."

"Nitajuaje zimefika? Maji nayaona. Hayo yako siyaoni."

"Pale mbele ya seva kuna taa ya kijani. Nitaipanga ipepese wakati wa kupeleka. Ikiacha kupepesa na kukaa tuli, zimefika."

Mzee Aminieli alilifikiria jambo hilo kama mtu anayeuziwa ng'ombe. "Na ngurumo ikija kabla haijatulia?"

"Uchomoe. Kesho yake zitaanzia zilipokomea."

"Hilo ungelisema tangu mwanzo," alisema mzee, na akamnyooshea jembe lake, lililokuwa zuri kuliko la Priska. "Hilo lako mpini wake umelegea. Zoa pale pembeni."

Jioni alikuja nyumbani akala.

*

Asubuhi ya kwanza taa ilipepesa muda mrefu, maana mizigo ya wiki nyingi ilikuwa ikishuka kwa pamoja. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiitazama mpaka jua likawa juu na zamu yake imekwisha zamani. Ilipotulia alikwenda kumgongea Priska dirishani. "Imekaa," alisema. Tangu hapo kila alfajiri alifungua, akasubiri, akafunga, akapita dirishani akasema neno lile lile. Priska alifungua nakala ya klaudi, akamtafuta mtoto wa Koleta. Alikuwepo, kilo zake, chanjo yake. Akamwonyesha Dakta. Dakta alisema vizuri, ila ufunguo hakuurudisha, na Priska hakuuomba.

Kisha ikaja mvua isiyo na ngurumo, ile ya kimya inayonyesha mpaka mtu anasahau kwamba inanyesha. Ilinyesha usiku na mchana, ukingo ukanywa.

Asubuhi moja, benchi likiwa limejaa wagonjwa, mawe ya msaragambo yalianza kudondoka moja moja. Kisha mpishi akapiga ukelele kwamba mti wa nyuma unatembea. Watu walitoka wodini wamebebana. Priska alikimbilia nyuma kuhakikisha hakuna mtu, na hapo akamkuta baba mkwe wake anakuja mbio kwa namna wazee wanavyokimbia, koti wazi, ufunguo mbele yake.

"Baba, wapi?"

"Seva. Nitaitoa."

"Iache."

"Nimepewa niilinde," alisema, akampita, akaingiza ufunguo kwenye kitasa. Juu ya bati udongo ulikuwa tayari ukimwagika kwa sauti ndogo, kama mtu anayepepeta mchele.

Mkwe hamshiki baba mkwe wake. Huo ndio utaratibu wa watu wa kwao, na Priska alikuwa hajawahi hata kumpokea kikombe bila kuinama. Alimshika mkono wenye ufunguo, kwa mikono yake miwili, mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Leo alfajiri ulifungua?"

"Nilifungua. Niachie."

"Taa ilitulia?"

"Ilitulia. Si nilikwambia dirishani? Niliisubiri mpaka ikatulia."

"Basi hakuna kitu mle ndani, baba. Walishatoka wote. Wewe mwenyewe umewafungulia. Hilo lililobaki ni sanduku."

Mzee alimtazama, akautazama mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa kwamba nyumba aliyoilinda maisha yake ni tupu, naye anatakiwa afurahi. Priska hakumwachia. Alimvuta, na alikuwa tayari kumbeba. Hatua chache, kisha mzee akaanza kutembea mwenyewe. Walikuwa wamefika kwenye bomba la maji ukingo uliposhuka. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa tu juu ya chumba, ukakilaza, na antena ikabaki imechomoza kwenye tope.

Ufunguo ulibaki kwenye kitasa. Mzee Aminieli aliendelea kuangalia kiganja chake.

*

Meza waliiweka barazani mwa wodi ya wazazi, ambayo ilikuwa mbali na ukingo na ilikuwa na sola yake ndogo. Priska alifungua kompyuta ndogo, Dakta Paschal akatoa simu yake iwe mtandao, akaiweka juu ya kopo ili ishike vizuri. Priska alianza na mashine ya kadi, akaiamuru iamke, ikasema subiri. Ilisema subiri muda mrefu kiasi kwamba Dakta aliinua simu akaihamishia kopo jingine.

"Sogea, Dakta, unanifunika mwanga," alisema Priska, na Dakta akasogea.

Ikaamka. Yakaja maandishi, yakaja majina. Akaamsha ya maabara. Akaamsha ya dawa. Ndipo alipoinua kichwa, akaita wa kwanza kwenye foleni, kama siku nyingine yoyote, na wa kwanza alikuwa Koleta aliyekuja na mtoto kwa chanjo, akiwa na tope mpaka magotini.

"Jina la mtoto?"

"Si unalo, dada?"

Priska akaandika jina la mama, na mtoto akafunguka chini yake. Tumainieli, wa kiume, kilo za juzi, chanjo inayodaiwa leo. "Ninalo," alisema, akamgeuzia Koleta kioo.

Mzee Aminieli alikuwa amekaa mwisho wa benchi, blanketi la wodi mabegani. Alinyoosha shingo.

"Wapo wote?"

"Wote, baba. Mpaka wa jana jioni."

"Na mimi?"

Akamtafuta. Aminieli, mlinzi, presha, dawa zake zinaisha wiki hii. Akamsomea. Mzee akaitikia polepole, kisha akasema presha hiyo wameiandika kubwa mno, haijawahi kuwa hivyo, na wagonjwa wakacheka. Dakta Paschal alimtazama mzee, akamtazama Priska, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo juu ya ufunguo. Akaona halina maana tena. "Endeleeni," alisema.

Wakaendelea. Foleni ilikuwa ndefu, na wengine walikuja kutazama tu. Alasiri mvua ilikatika, joto likapanda, na kule upande wa Shengena kukasikika ngurumo ya kwanza, mbali bado.

Mzee Aminieli akainuka. Alikunja blanketi, akapita katikati ya foleni akiomba njia, akafika ukutani nyuma ya mkwe wake. Akachomoa chaja ya kompyuta, akauviringisha waya vizuri, akakaa nao mapajani.

Priska akatazama pembeni ya kioo. Betri ilikuwa imejaa. Akaita anayefuata.